Mwanakemia na Tikiti Maji la Chekhov: Kisa cha Kuchagua Kozi ya Fasihi

Kisa hiki kimeandikwa kwa ridhaa ya mhusika. Jina lake, chuo, mwaka na majina kamili ya kozi vimeondolewa. Kimekusudiwa wanafunzi wa fani nyingine wanaolazimika kuchukua kozi moja ya fasihi, pamoja na washauri wa masomo wanaofuatwa na wanafunzi hao zikiwa zimebaki siku mbili usajili ufungwe.

Usuli

M. alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya kemia. Kanuni za chuo chake zilimtaka kila mwanafunzi, awe wa fani gani, amalize kozi moja ya krediti tatu katika fasihi, falsafa au historia kabla ya kuhitimu. Wenzake wengi huisogeza kozi hiyo mpaka mwaka wa mwisho, halafu huchukua chochote kilichobaki. M. aliamua kuimaliza mapema: mwaka wa tatu ulikuwa na maabara mbili kwa wiki, na wa nne ulikuwa na mradi wa utafiti. Hakuna aliyemshauri hivyo, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote aliyoyafanya katika kisa hiki.

Vitabu havikuwa vigeni kwake. Likizo iliyotangulia alikuwa amesoma riwaya moja nene ya Dostoevsky, mwandishi wa Kirusi, kwa mapenzi yake tu, akaimaliza, akaanza kuwasimulia wenzake bwenini. Ila somo lenyewe la fasihi aliliacha sekondari, na huko kuchambua kulikuwa na maana moja: kutaja dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa ya mwandishi na wahusika, kisha chini yake tashibiha, sitiari na takriri, kila moja na mfano wake. M. alikuwa hodari wa kazi hiyo. Alikuwa akipata alama za juu.

Jambo la tatu ni ufadhili. Masomo yake yalilipiwa kwa sharti kwamba wastani wa alama usishuke chini ya kiwango fulani, naye alikuwa juu ya kiwango hicho kwa kiasi kidogo tu.

Kozi tatu mezani

Ya kwanza ilikuwa utangulizi wa fasihi ya dunia, ngazi ya 100, yaani ya mwanzo. Ukumbi mkubwa, wanafunzi wapatao mia mbili, mitihani miwili na majaribio mafupi. Silabasi ilianza na Gilgamesh, ikapita kwa Homer, Ramayana, Sundiata na Alfu Lela Ulela, na kila kazi ilitengewa mhadhara mmoja au miwili. Mtihani ulikuwa wa dondoo: unapewa mistari michache, unataja imetoka wapi, nani anasema na ina uzito gani. Rafiki yake wa mwaka wa tatu alimwambia achukue hiyo bila kufikiri mara mbili. "Ni mteremko. Madesa yapo, unakariri wiki moja, unatoka na A."

Ya pili ilikuwa riwaya ya Kirusi ya karne ya 19, ngazi ya 300. Riwaya tano, insha mbili ndefu, hakuna mtihani. Hiyo ndiyo aliyoitaka. Alipoingia kwa mshauri alikuwa ameshaijaza kwenye fomu.

Ya tatu ilikuwa hadithi fupi, ngazi ya 200. Wanafunzi ishirini, hadithi mbili kila wiki, insha tatu za kurasa nne kila moja, na maoni ya ukurasa mmoja yanayowasilishwa karibu kila wiki. M. aliiweka kama akiba, kwa sababu muda wake haukugongana na maabara.

Hesabu ya kurasa

Mshauri hakumkatalia kozi ya Kirusi. Alimwomba silabasi na kikokotoo.

*Vita na Amani* ya Tolstoy, mojawapo ya riwaya hizo tano, katika tafsiri nyingi za Kiingereza, ina maneno zaidi ya 550,000. Kozi iliipa wiki tatu. Mwaka 2019 mwanasaikolojia Marc Brysbaert alichapisha mapitio ya tafiti nyingi kuhusu kasi ya kusoma, akapata kwamba mtu mzima anayesoma hadithi za kubuni kwa Kiingereza, kimyakimya, husoma wastani wa maneno 260 kwa dakika. Kwa kasi hiyo riwaya hiyo inakula saa 35, yaani karibu saa 12 kwa wiki. Vyuo vingi vya mfumo wa krediti hukadiria saa mbili za kujisomea kwa kila saa moja ya darasani, kwa hiyo kozi ya krediti tatu huhesabiwa saa sita. Kozi ya Kirusi ilikuwa imelivuka kadirio hilo mara mbili kabla mtu hajaandika sentensi moja ya insha.

Tena hiyo ni kasi ya mtu wa wastani katika lugha anayoimudu. M. alikuwa anasoma kwa lugha ambayo si yake ya kwanza. Mshauri alimpa kurasa kumi za hadithi asiyoijua, akatazama saa. Alisoma kwa dakika 18, takriban maneno 165 kwa dakika. Akapewa kurasa nyingine kumi na penseli, aweke alama na kuandika pembeni: dakika 31. Kwa kasi yake ya kawaida, bila penseli, Tolstoy peke yake angemtaka zaidi ya saa 55, yaani saa 18 na ushei kwa wiki, wiki tatu mfululizo.

M. alibisha. Mbona ya Dostoevsky aliimaliza? Aliimaliza likizoni, kwa wiki sita, bila maabara. Mshauri akaongeza jambo ambalo M. analikumbuka mpaka leo: *Ndugu Karamazov* ya Dostoevsky ilitoka kwa sehemu jaridani, kuanzia Januari 1879 hadi Novemba 1880. Wasomaji wake wa kwanza walikaa nayo karibu miaka miwili, wakisubiri sehemu inayofuata. Silabasi iliipa wiki mbili.

Hadithi fupi zilikuwa kama kurasa 50 kwa wiki. Kuzisoma mara moja bila penseli na mara ya pili na penseli, kwa kasi ya M., ni kama saa nne. Zinabaki saa mbili za kuandika.

Wiki ya kwanza

Chuo kiliruhusu kubadili kozi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Mshauri alimwambia aingie madarasa yote matatu kabla ya kuamua, naye akaingia.

Kwenye utangulizi, mhadhiri alikuwa msemaji mzuri na slaidi zilipangika. Hakuna mwanafunzi aliyeuliza swali. Kwenye riwaya ya Kirusi mjadala ulikuwa moto, na M. hakuelewa nusu yake. Watu walizungumza juu ya msimulizi asiyeaminika na urealisti kama watu wanaozungumzia jirani yao. Mhadhiri aliuliza ni nani ameshapita kozi za ngazi ya 200. Mikono yote ilipanda isipokuwa miwili. Hapo M. aliona maana ya ile namba 300: haikuwa kipimo cha ugumu wa vitabu, ilikuwa inaeleza kile ambacho darasa zima limeshafundishwa na hakitarudiwa.

Kwenye hadithi fupi, mhadhiri alisoma aya moja kwa sauti na wakakaa nayo karibu kipindi kizima. "Walibishana nusu saa kwa nini aya inaanza na 'lakini'," M. alimwambia mshauri. Hakusema kama alifurahi au la.

Uamuzi

Alichukua hadithi fupi, kwa alama zinazoingia kwenye wastani. Sababu walizoandika kwenye faili ni nne: saa za kusoma zinabebeka, insha ni fupi na ni tatu, kwa hiyo kosa la kwanza halizamishi muhula, darasa ni dogo, na muda haugongani na maabara. Chini yake mshauri aliandika tahadhari moja: mambo yakiharibika, ahamie mfumo wa faulu au feli, ambao hauingii kwenye wastani. Hakuna aliyeifungua kanuni kuangalia.

Insha ya kwanza

Insha ilihusu hadithi ya mwandishi wa Kirusi, Chekhov, ya mwaka 1899 kuhusu mwanamke mwenye kijibwa. Gurov, mume wa mtu, anakutana mjini Yalta na Anna, mke wa mtu. M. aliisoma mara mbili na akaandika alivyofundishwa. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa: "Dhamira kuu ya hadithi hii ni usaliti katika ndoa, ambapo mwandishi anaionya jamii dhidi ya tamaa." Zikafuata dhamira nyingine tatu, ujumbe na sifa za wahusika.

Ilirudi na alama 54. Pembeni ya sentensi ya kwanza mhadhiri alikuwa ameandika: "Anaonya wapi?" Kwenye ukurasa wa pili kulikuwa na maneno mawili tu: "Na tikiti?"

M. alikasirika. Siku hiyohiyo alijaza fomu ya kuhamia faulu au feli na kuipeleka ofisi ya msajili. Karani aliitazama akamwuliza, "Hii kozi ni ya lazima kwako, au umeiongeza mwenyewe?" Kwa kanuni ya chuo kile, na ya baadhi ya vyuo vingine, krediti ya faulu au feli inahesabiwa kwenye jumla lakini haitimizi sharti la kozi ya lazima. Angefaulu, kisha angelazimika kuchukua kozi nyingine. Aliirudisha fomu mfukoni.

Ndipo akaenda kumwona mhadhiri. Mazungumzo haya ni kama M. alivyoyasimulia:

"Mwalimu, mimi dhamira zote nimezitaja."

"Umezitaja, ndiyo. Hebu fungua pale hotelini. Anna amefanyaje?"

"Ameinama, ana huzuni. Anasema Gurov atakuwa wa kwanza kumdharau."

"Na Gurov?"

"Anakata tikiti maji. Anakula."

"Kwa haraka?"

"Taratibu."

"Halafu?"

"Kimya. Kama nusu saa."

"Sasa, Chekhov amekwambia hapo kwamba Gurov ni mtu mbaya?"

"Hajasema."

"Basi nani kakwambia?"

M. alinyamaza. Mhadhiri akamwuliza kama kule maabara huandika hitimisho kabla ya kuona rangi imebadilika. Kisha akampa kazi isiyo na alama: ukurasa mmoja juu ya tikiti, na neno "dhamira" lisionekane.

Ukurasa ule ulianza hivi: "Msimulizi anatumia sentensi mbili kwa tikiti na moja kwa ukimya, na hatumii hata moja kumhukumu Gurov. Kazi ya kuhukumu ameniachia mimi, na nimeshaifanya kabla sijafika mwisho wa aya." Ukiziweka sentensi hizi mbili kando ya ile ya kwanza, utaona kilichobadilika bila kuelezwa.

Wiki ya tisa

Insha ya pili ilipata 68. Kisha ikaja wiki ya tisa: mtihani wa kemia ogania, ripoti mbili za maabara, na maoni ya kila wiki ya fasihi. M. aliyaacha maoni wiki hiyo na iliyofuata, akiamini ukurasa mmoja hauna uzito. Silabasi ilikuwa imetamka wazi kwamba maoni kumi ni asilimia 25 ya kozi, kila moja mbili na nusu.

Matokeo

Insha ya tatu ilipata 74. Jumla ya kozi ilikuwa 67, ambayo kwa chuo chake ni B. Wastani wake ulishuka kidogo, ufadhili haukuguswa, sharti la kozi ya lazima likatimia. Yale maoni mawili, kwa kiwango cha mengine aliyoyaandika, yalimpotezea kama alama nne. Angefika 71, yaani daraja moja juu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi wazi ni hesabu ya kurasa. Wanafunzi wa sayansi huambiwa "fasihi ina kusoma kwingi", maneno yasiyomsaidia mtu kuamua. Saa 18 kwa wiki zinasaidia. Na cha muhimu ni kwamba M. alipimwa kwa kasi yake mwenyewe, tena na penseli mkononi, maana hivyo ndivyo kozi inavyosomwa. Wastani wa watu wengine ungemdanganya kwa saa ishirini.

Kuingia madarasani nako kulisaidia, hasa lile swali la mikono. Namba ya kozi si kitu cha kuaminika siku zote. Zipo idara ambazo ngazi ya 300 inapokea mtu yeyote, na zipo ambazo ngazi ya 200 ni ngumu kuliko zote. Kuuliza waliokaa kando yako wamepita wapi kunakupa jibu zaidi ya namba.

Kilichoshindwa ni kikubwa zaidi, na hakikuwa kwenye kurasa. M. na mshauri wake walihesabu saa, idadi ya insha, hata ukubwa wa darasa. Hawakuuliza insha yenyewe inataka nini. Wote wawili walidhani kuandika kurasa nne juu ya hadithi ni jambo linalojulikana. M. alikuwa analijua, ila kwa namna ya sekondari, na ile namna ilimletea alama za juu kwa miaka, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuitilia shaka. Mwanafunzi dhaifu angeomba msaada mapema. Aliyezoea kufaulu alifika na jibu mkononi.

Sioni haki kuliita hilo tatizo la mtu wa kemia. Miaka ya 1920 mhakiki wa fasihi I. A. Richards aliwagawia wanafunzi wa Cambridge mashairi yasiyo na majina ya watunzi, akawataka waandike wanachokiona. Wengi walikuwa wanafunzi wa fasihi. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1929 alionyesha jinsi wengi walivyoshindwa hata kupata maana ya wazi ya shairi, na jinsi walivyokimbilia majibu waliyokuwa nayo tayari kichwani. Usaliti ni mbaya, mwandishi anaonya, ni jibu la aina hiyo hasa. Kwa kweli M. alikuwa na nafuu moja kuliko wale: fani yake ilikuwa imeshamzoesha kuandika alichokiona kabla ya kuandika alichohitimisha. Alichohitaji ni mtu wa kumwambia kwamba kanuni ileile inafanya kazi hapa.

Ila maabara pia ilimletea tabia moja isiyofaa. Insha ya pili ilijaa "ilionekana kwamba" na "inaweza kuhitimishwa", kana kwamba hakuna aliyesoma. Mhadhiri aliikata hiyo kwa kalamu nyekundu mara saba.

Mpango wa faulu au feli unastahili maneno machache tu: haukuwapo. Tahadhari ambayo haijasomwa kwenye kanuni humtuliza mtu na kumfanya asitafute nyingine. Chuoni kwa M. ile ya kweli ilikuwa kujitoa kwenye kozi kabla ya wiki ya kumi na kubeba alama ya kujitoa kwenye matokeo, na hiyo haikujadiliwa hata mara moja. Kalenda ndiyo jambo jingine la aina hiyo. Tarehe za fasihi na za kemia zilikuwa kwenye karatasi mbili tofauti, hakuna aliyeziweka pamoja, na alama nne zilipotelea hapo.

Sasa ile kozi ya mteremko. Ni rahisi kuidharau, na mshauri aliidharau. Rafiki wa M. hakuwa amesema uongo. M. ana kumbukumbu nzuri, na mtihani wa dondoo unalipa kumbukumbu; huenda kabisa angetoka na A, na kwa mtu aliye juu ya kiwango cha ufadhili kwa kiasi kidogo, hiyo si hoja ya kupuuza. Kwa mwanafunzi anayetaka kuona ramani nzima, kuanzia Gilgamesh na kuendelea, ni kozi nzuri pia. Naamini M. angekariri tena orodha kama za sekondari na kutoka bila kubadilika, na kwa hiyo nasimama na uamuzi uliofanywa. Lakini alipaswa kuambiwa waziwazi kwamba anachagua kati ya alama inayoelekea kuwa ya juu na kujifunza jambo ambalo hana. Faili halionyeshi kwamba mtu yeyote alilisema hilo. Ubaya ungekuwa mkubwa zaidi kama jumla ingekuwa 57 badala ya 67.

Mshauri wa M. ameongeza mambo mawili kwenye mazungumzo yake na wanafunzi wa fani nyingine. Huwaomba walete kipande cha insha yao ya mwisho ya fasihi, hata kama ni ya sekondari, na huwaonyesha kando yake swali la insha kutoka kozi wanayoitaka. La pili limekuwa gumu kulipata: wahadhiri wengi hawaandiki maswali mapema, na baadhi hawapendi yazunguke. Waliokubali hutoa ya muhula uliopita. Mhadhiri wa hadithi fupi ametoa yake, ila ameondoa lile la Chekhov, kwa sababu, alisema, bado analitumia.